Watoto Weusi wa Biddy

Mtoto wa kwanza wa Biddy alitoka mwekundu kama mama yake, na wa pili hali kadhalika, na Coralie Haggart, aliyepiga magoti kwenye majani makavu nyuma ya tangi la maji, akaanza kuimba. Wa tatu, dume, akatoka mweusi. Coralie akakatiza wimbo. Akamfuta kwa gunia akidhani ni uchafu wa uzazi tu, lakini weusi haukufutika. Wa nne naye akatoka mweusi tititi, jike, mwenye kelele kuwashinda wote.

Mtu mwingine angeshukuru Mungu kwa uzazi salama. Lakini Coralie alifuga kelpi, mbwa wa kuchunga kondoo, na katika nchi ile ya kondoo magharibi mwa jimbo la Victoria hata mtoto wa shule alijua kwamba mwekundu kwa mwekundu hawazai mweusi. Biddy alikuwa mwekundu. Meja, dume aliyepelekewa, alikuwa mwekundu. Basi kuna mweusi fulani wa miguu minne aliyepita katikati.

Roho ilimuuma Coralie, na alikuwa na haki. Mbwa wote wa shamba lake la Yalgoran walikuwa na hati za ukoo tangu enzi za babake. Biddy ndiye jike wa mwisho wa ukoo ule, na umri ulishamtupa mkono. Baada ya hapa hangezaa tena. Watoto hawa wasipoandikishwa, ukoo wa mzee Haggart umekwisha. Na fomu ya chama cha wafugaji haikutaka makuu: mwenye jike ataje jina la baba, atie sahihi. Miaka ile hakukuwa na kipimo cha damu cha kumsuta mtu. Chama kiliamini kalamu.

"Sasa unalialia nini?" akauliza Valmai, mke wa kaka yake, alipoletwa kuona. "Wekundu waandikishe kwa jina la Meja. Weusi wagawie watu wa mbali huko. Nani atajua?"

"Wifi, hata hao wekundu sina hakika nao. Jike huweza kubeba mimba za madume wawili kwa mpigo. Na dume mweusi naye huweza kutoa mtoto mwekundu kwa jike kama Biddy."

"Na mimi nasema kaa kimya uandike! Hati zote hizo ukutani kwako, unadhani kila aliyeandika alikuwa kitandani akiangalia?"

Kitanda hakizai haramu, wasema Waswahili, na Valmai angeipenda sana methali hiyo. Coralie aliikunja fomu, akaitia kwenye mfuko wa aproni.

Kumwambia mwenye Meja kwa simu haikuwezekana. Simu za pale zilipita kwa mama wa posta, na mama wa posta alikuwa gazeti. Mwenye Meja, Merv Tuckett, angekuja mwenyewe watoto wakishaacha kunyonya, maana ndiyo mila: mwenye dume halipwi, ila huwa wa kwanza kuchagua mtoto. Coralie akangoja, na katika kungoja akajikuta anawapenda wale weusi kupita kiasi. Yule mwenye kelele alimfuata hadi jikoni, akilala juu ya viatu vyake wakati anakanda skonzi.

Jumapili Merv akafika na pikapu yake. Mbele, juu ya mto, alikaa Meja, manyoya yamechanwa, mshindi wa riboni za maonyesho, mwenye hati ndefu kuliko hotuba ya waziri. Nyuma, katikati ya kamba na vumbi, alikaa Masizi, mbwa mweusi aliyeachwa na wakata manyoya, asiye na hata kipande cha karatasi. Kazi zote za shamba la Merv alizifanya Masizi. Jambo hilo kila mtu alilijua, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia Merv.

"Merv, kabla hujachagua—" akaanza Coralie.

"Coralie, kabla hujanionyesha—" akaanza Merv.

Masizi alikuwa ameshashuka, ameshafika nyuma ya tangi, na mtoto mweusi mwenye kelele alikuwa ananing'inia kwenye sikio lake. Walifanana uso kwa uso, hata kipofu angeona.

Merv akaiva uso. "Biddy alipokuwa kwangu, nilikwenda mnadani," akasema. "Niliporudi, Masizi alikuwa ndani ya uzio na Biddy. Meja alikuwa nje, juu ya trekta, anatetemeka."

"Na hukuniambia!"

"Ningesemaje, mama? Kwamba bingwa wangu kaporwa mchumba na mbwa asiyejua babake?"

Coralie alitaka kukasirika, ikamtoka kicheko. Akacheka mpaka akashika tangi. Valmai, aliyekuja kushuhudia uchaguzi, akacheka, na Merv, baada ya kujikaza kidogo, akacheka kuliko wote.

Hapo kondoo jike mmoja aliyelelewa kwa chupa, mwenye tabia mbaya, akaingia uani akipiga kwato. Meja akazama chini ya gari. Yule mtoto mweusi akaachia sikio, akainama, akanyanyua mguu mmoja, akamkazia macho kondoo. Kondoo akarudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, mpaka ukutani.

"Nimechagua," akasema Merv akihema. "Namchukua huyo."

"Huyo humpati."

"Mila ni mila, Coralie! Mwenye dume anachagua!"

"Dume yupi? Tulipatana kuhusu Meja. Ukitaka mtoto wa Meja, wekundu wale pale, bahatisha. Ukisema huyu ni wa Masizi, mimi na Masizi hatukupatana chochote. Au unayo hati?"

"Nani ana hati ya Masizi!"

"Basi chukua yule dume mweusi kwa hisani yangu, unyamaze."

Merv alimtazama Valmai kama anayetafuta hakimu. Valmai akamkabidhi skonzi.

Akaondoka na dume mweusi kifuani, amejaa furaha, Masizi kakaa mbele juu ya mto na Meja kapelekwa nyuma. Coralie akaitoa fomu. Mahali pa baba, kwa wote wanne, akaandika Masizi, akijua chama kitaikataa. Kilikataa. Siku barua ilipofika aliisoma akiwa amesimama getini, na machozi yakamtoka, kwa sababu ukoo wa babake ulikuwa umeishia pale katika maandishi.

Kondoo walikuwa wanasubiri kuhamishwa. Akajifuta uso, akafungua geti, akapiga mluzi. Biddy akatoka mbio kushoto, akazunguka kundi kama walivyozunguka mama yake na bibi yake. Na yule mdogo mweusi, ambaye hakuna aliyewahi kumfundisha, akachomoka kulia akaziba upande wa pili.

"Ewaa!" Coralie akapiga kelele uwanja mzima. "Ewaa, binti yangu!"