Kamba Ndefu Kuliko Zote

...na hapa ningeomba radhi, kama angekuwapo wa kuombwa, kwamba naisimulia vibaya, naianzia katikati, mtu aliyesomea vichekesho vya jukwaani kozi nzima ya miezi sita angeanza na mlango, anaingia, anajikwaa, watu wanacheka, ndipo anasema shida yake, lakini mimi nimekwisha kuingia na sikujikwaa, nimekaa kwenye benchi la kilabu cha Gertruda, Jumamosi, saa nane mchana, kata ya pombe ya komoni mkononi, na hapo chini kwenye udongo uliofagiliwa wamelaza kamba sita za chui sita, na iliyo ndefu kuliko zote ni ya kwangu mimi, Kilian, na mimi sijawahi kuua chui, kuku tu namchinja nimefumba macho, na mke wangu saa hizi yuko bondeni peke yake kwa sababu ya kamba hiyo... cheka basi, Kilian, wanakuangalia, Fulgence amesema kitu, cheka... Huyu Fulgence ndiye aliyeanzisha, amepanda leo kutoka ziwani na magunia yake mawili ya usipa, dagaa wa kule, akatua mzigo, akanywa kata mbili bila kupumua, akatangaza kwamba chui wa huku juu Umatengoni ni paka walioshiba, chui mwenyewe yuko chini, kwenye misitu ya Liparamba, na yeye alimnasa mmoja wakamsafirisha kwa mtumbwi, pua ilipofika Mbamba Bay mkia ulikuwa bado unaaga nyumbani, na watu wakacheka, nikaona wivu kidogo, maana ilikuwa nzuri ile, ningeisema mimi, lakini mzee Protasi hakucheka, mzee Protasi amenasa wanne kwa mtego wa magogo na kuna mambo matatu hayatanii, misa, kahawa na chui, akamgeukia shemeji yangu Ignatio akamwambia, lete kamba... Kamba, kwa sababu ngozi hatuna, ngozi ni mali ya serikali, Bwana Nyama, askari wa wanyamapori, akisikia unayo anakuja kuichukua na wewe ukiwa ndani yake, kwa hiyo huku kwetu chui akifa anafukiwa na koti lake, kinachobaki ni kamba ya gome, mtu mmoja anaishika puani na mwingine anaishika kwenye ncha ya mkia, fundo moja begani, fundo la pili mkia unapoanzia, halafu inatundikwa darini juu ya moshi, na neno la kamba halibishwi, hakuna aliyewahi kuleta kamba ya uongo, si kwamba watu ni watakatifu sana, ila hakuna aliyewahi kufikiria, ilibidi apatikane mtu aliyesomea... Ignatio anapima kwa shubiri, anachechemea na mkono wake juu ya udongo kama kinyonga, kumi, kumi na nusu, hii ya marehemu baba yake katekista kumi kamili, Fulgence anasema hata mbwa wake anafika kumi, mzee Protasi anamwambia mbwa wako ulimpima akiwa amekula usipa wako, na benchi zima linaguna kwa raha, jua limesimama juu ya bati, Gertruda anachuja pombe, mchana mzuri kabisa, Ignatio anafika kwenye ya kwangu, anahesabu polepole ili Fulgence asikie kila shubiri, kumi na moja na zaidi, anasimama, anajifuta magoti, anasema na hii ni ya shemeji yangu huyu hapa, anayenilishia dada yangu, na anavyolisema lile neno shemeji, miaka kumi na minane alikuwa ananiita yule msanii, hata siku ya ubatizo wa mwanangu aliniita yule msanii, leo shemeji, na inaingia kifuani kama kijiti... Wiki mbili zilizopita ilikuwa zamu yangu kwenda kuutazama mtego wa kule juu ya mto, mwezi mzima chui alikuwa ametutawala, mbuzi wanane, mbwa wa katekista, njia ya mtoni ikafungwa, wanawake wanakwenda mashambani watano watano wakizunguka juu kwa juu mgongoni mwa mlima, saa nzima zaidi, na mimi nilifika pale nikiimba kwa sauti ili kama yupo aondoke, tuelewane, gogo limeanguka, majani yamelowa damu, na chini ya gogo vidole viwili, viwili tu, na kucha zake, vimekatika safi, na damu inateremka kuelekea mtoni... Nikasema atakufa huyu, chui gani atapona bila vidole, leo au kesho anakufa, nikakaa chini, na pale pale chini nikaanza kuona jukwaa, ndivyo nilivyoumbwa mimi, nikaona naingia kijijini na kamba begani, nani atajua, hakuna anayefukua chui, nikachuna gome, nikalisokota, na kwa kuwa chui sikuwa naye nikalala mimi, chali, kwenye matope, mikono nimeinyoosha juu ya kichwa kama anayezama, kamba kutoka ncha ya vidole mpaka unyayoni, nikaongeza shubiri moja kwa sababu hata nikinyooshwa mimi ni mfupi, fundo hapa kwenye kiuno, nikavifukia vile vidole, nikateremka... Na walinibeba, wallahi kama Muislamu, mimi mtoto wa misa ya kwanza, walinibeba mabegani, sasa nani katika hali ile angesema nishusheni, miaka mingapi sijabebwa, tangu biashara ya kahawa ilipoachiwa huru na kila mnunuzi akaja na mizani yake barabarani, chama cha ushirika kikafunga geti, na kikundi chetu cha vichekesho kilikuwa cha chama, lori lilikuwa la chama, lori lile lililotupeleka Liuli na Songea na watu wakitukimbilia kwa nyuma sasa linaota majani kwenye boneti, kuku wa mlinzi anataga kwenye kiti changu, nani anamhitaji mchekeshaji, ila siku ile walinitazama bila kusubiri kucheka, mara ya kwanza katika maisha yangu, na njia ya mtoni ikafunguliwa... Mzee Protasi ameinama. Ameokota kamba yangu. Anaipitisha vidoleni kama anayesali rozari, anafika kwenye fundo, anasimama, anarudi nyuma, anafika tena, ananitazama na yale macho yake yaliyolowa moshi, anasema, "Kilian mwanangu, chui wako huyu, mkia wake karibu nusu yake," na ni kweli, mzee, mkia ule ni miguu yangu, miguu yangu mpaka kwenye nyayo, lakini ninasema alikuwa chui wa familia bora, mzee, anavuta mkia nyuma kama bibi harusi, wanacheka, anangoja waishe, anasema, "Nani alishika upande wa mkia?" na ni kweli hakuna aliyeuliza, wiki mbili hakuna aliyeuliza, na mdomo wangu, ambao haujawahi kuningoja, unasema alishika mwenyewe, mzee, alikuwa muungwana, na Ignatio anapiga paja lake, Fulgence anatema komoni, kicheko kinapita juu yangu kama maji ya uvuguvugu, nimeokoka, ila mzee Protasi bado kidole chake kiko kwenye fundo... Na hapo Fulgence, akijifuta kidevu, bila nia yoyote mbaya, kama mtu anavyotaja bei ya chumvi, anasema basi huyo muungwana aliacha ndugu, maana leo asubuhi nikipanda na njia yenu ya mtoni nimekuta nyayo kwenye tope, juu ya mvua ya jana usiku, mbichi, mnene yule, mguu wa mbele wa kushoto hauna vidole viwili... Ignatio anasema chui asiye na vidole huyo ni mzee, anakula panya, kesho baada ya misa tutategesha, shemeji atatutengenezea kamba ya pili, mwingine anasema labda ni mjane wa yule wa Kilian anatafuta kaburi, wanacheka, wamekaa raha mustarehe, na kwa nini wasikae, wanajua wanawake hawaendi kule mpaka Jumatatu, wanakwenda pamoja Jumatatu, hilo linajulikana, isipokuwa Agripina, isipokuwa mke wangu, dada yake huyu Ignatio anayecheka, kwa sababu mashimo yetu ya ngoro, kule ng'ambo ya mto, ndiyo yaliyochelewa kuliko ya watu wote, mwanaume anafyeka na kulaza majani miraba miraba mlimani, mwanamke anayafukia kwa udongo na kupanda maharage, ndivyo kazi ilivyogawanywa tangu babu zetu, na mimi nimelaza majani nusu ya shamba halafu nikawa shujaa, shujaa analazaje majani, kila jioni naitwa kusimulia, ikabidi aende yeye kulaza na kufukia, zote mbili, mvua haisubiri, leo asubuhi saa mbili... Sasa ngoja, saa mbili, sasa ni saa nane, Fulgence alipita asubuhi, angemwona, hakumtaja, hakumtaja Fulgence mwanamke yeyote, au walipishana, au alipita kabla, alipita kabla bila shaka, hesabu hii inanishinda, nimekunywa, hebu mtu asimamishe kicheko hiki nihesabu... Alisimama mlangoni. Agripina, leo asubuhi, jembe begani, kikapu cha mbegu kichwani, alikuwa ameshafika nje akarudi akasimama mlangoni, akasema, "Kwa hiyo nipite mtoni," na mimi nilikuwa nanyoa ndevu kwenye kipande cha kioo, nikamwambia pita mama, pita katikati, kama malkia, na hakuondoka, nilimwona kwenye kioo, amesimama tu, nikadhani anasubiri nimalizie mzaha, nikaongeza mwingine, na wala hakucheka, akaondoka... na ile siku ya kamba, jioni, watu walipokwisha kunishusha, alinivua shati, lile la mitumba lenye mistari, akaligeuza, tope mgongoni lote, kutoka kola mpaka pindo, na majani yamegandia, na kifuani safi, si tone la damu, akaniuliza taratibu huku akilipukusa, chui alikuangusha chali, baba Steven, nikasema tulipumzika wote wawili, akacheka, akalifua, hakuuliza tena, nikasema kweli nimepata mke asiye na maswali... Alijua. Ee Mungu wangu, alijua tangu siku ile, kwenye beseni, aliona umbo langu lote limechorwa kwa tope kwenye shati, na leo mlangoni hakuwa anasubiri mzaha, alikuwa ananipa nafasi, neno moja, usipite, zunguka juu, sema tu zunguka juu Agripina, hata bila kusema kwa nini, asingeniumbua kwa kaka yake, angezunguka, angenyamaza mpaka kufa, amesimama na mzigo kichwani anamngojea mume wake amwambie usife, na mume wake anajinyoa, anamwita malkia... Simama, Kilian. Ni kusimama tu, ni miguu, ule mkia wa futi nyingi ulioufunga kwenye kamba, usimamie sasa, kuna mikuki sita pale ukutani, mkiondoka wote mkikimbia ni nusu saa kuteremka, labda chini ya hapo, Ignatio anakimbia kama mbuzi akijua ni dada yake, sema, wataacha kukuita shemeji, na wakuite wanavyotaka, sema... Nimesimama. Kata inamwagika gotini. Wamenigeukia wote, nyuso zimeshafunguka, zimeshajiandaa, nimezifundisha mimi nyuso hizi kwa miaka ishirini, nikisimama zinafunguka, na ninasema, naisikia sauti inatoka, si yangu ya nyumbani, ni ile ya jukwaani, ile ya kutokea tumboni inayofika mpaka benchi la nyuma, haitaki kushuka, ninasema, "Chui hajafa, jamani, kamba hii nilijipima mimi mwenyewe nimelala chali, na Agripina yuko mtoni," na kwa nukta moja hakuna kitu, jua, bati, nzi juu ya magunia ya usipa, halafu kinapasuka, Mungu wangu, sijawahi kukipata kicheko kama hiki, si Songea, si Liuli, Fulgence yuko chini kabisa amekumbatia gunia, Ignatio analia, machozi ya kweli, anasema yuko mtoni, ati yuko mtoni, amelala chali, nimekufa, Gertruda ameacha kuchuja ameegemea pipa, na mzee Protasi peke yake hacheki, kamba yangu mkononi, kidole kwenye fundo, amenyoosha shingo ananiangalia mimi tu, anangojea, najua anachongojea, anataka nilirudie mara moja, hilo hilo, polepole, kwa sauti ya mtu wa kawaida, na ameshanyoosha mkono wa pili kuelekea mkuki, nusu, hajaushika, anangojea tu nirudie, na wengine wameanza kupiga makofi, benchi zima, makofi ya mpangilio kama zamani, na mimi, mbele ya mtu mmoja aliyekuwa tayari kuniamini, naweka mkono kifuani, ninainama.