Ubao wa Mzee Waya

Bibi aliacha kuoga wiki ileile sabuni ya asali ilipokwisha.

Sabuni yenyewe haikuwa na asali hata tone. Watu waliiita hivyo kwa sababu ya rangi yake. Ilifika dukani ikiwa miche mirefu, na mwenye duka aliikata kwa waya mwembamba juu ya ubao, kipande kinene au chembamba kama mnunuzi alivyotaka. Waya huo ulimpa jina, na jina alilopewa na wazazi wake likasahaulika. Mtaa mzima ulimwita Mzee Waya, naye aliitika.

Bibi yangu alikuwa dobi. Mashati ya watu, mashuka ya wagonjwa, nguo za harusi, vyote vilipita mikononi mwake, na vyote kwa sabuni hiyo. Mikono yake ilipochoka nilikaa mimi kwenye beseni. Baadaye akili yake nayo ikaanza kutangatanga. Asubuhi nyingine aliniita mke mwenzake, akaniuliza mume wetu amekula nini. Asubuhi nyingine alinisalimia kwa adabu sana, kama mtu anayemsalimia mwenye nyumba aliyempa hifadhi ya usiku mmoja. Lakini nikiweka sabuni kwenye maji ya kuoga na harufu ikapanda, uso wake ulitulia. Alisema, "Tumefika nyumbani," kisha akainua mikono nimvue gauni.

Kiwanda cha sabuni hiyo kilipofungwa tulisikia tu kwa kupita. Mtaani kwetu maduka yalikuwa yakiondoka moja baada ya jingine. Duka la tambi za taa lilikwisha ondoka, na la vitambaa, na kibanda cha mshona viatu. Penye mbao paliwekwa vioo, na nyuma ya vioo zikapangwa kava za simu. Watu walilalamika siku chache, kisha wakazoea. Mimi sikulalamika, maana sauti yangu huishia kooni. Lakini dukani kwa Mzee Waya sikuhitaji sauti. Nilisimama mbele ya kaunta, nikatenganisha vidole viwili kuonyesha upana ninaotaka, naye akakata. Kwenye duka kubwa lenye vikapu pia huongei na mtu, ila kule unanyamaza kwa kuwa hakuna anayekuona. Kwa Mzee Waya nilinyamaza na nikasikika.

Basi sabuni ikaisha. Nikanunua nyingine, ya kijani, yenye harufu ya maua. Bibi alinusa yale maji, akarudi kukaa kitandani na kujifunga shuka mpaka shingoni.

"Asanteni," alisema, "lakini mimi siogi kwenye nyumba za watu."

Shangazi, dada yake baba, ndiye anayetulea. Ni mpishi wa shule, na sauti yake imezoea kushindana na masufuria. Mwanzoni alicheka. Akasema kama hizi ni nyumba za watu, basi huyo mgeni alipe hata chumvi anayokula. Lakini siku zilivyosonga aliacha kucheka. Ngozi ya Bibi ilianza kuchubuka kwenye mikunjo. Muuguzi alikuja, akamfunua taratibu, akatuambia asipooshwa vile vidonda vitachimba, na hapo itabidi alazwe wodini. Bibi akiwa wodini, kati ya harufu zote zile ngeni, tungempoteza kabisa hata kabla hajafa. Shangazi alijua hivyo na mimi nilijua. Aliamua kwamba Jumamosi tutamwosha kwa nguvu. Yeye angemshika mikono, mimi ningemsugua.

Sikuweza kufikiria kumsugua mtu anayelia. Nikatafuta karatasi ya zamani ya sabuni ya asali, niliyokuwa nimeitandika kwenye droo ya nguo, nikaifungia ile ya kijani vizuri kama ilivyofungwa dukani, nikampelekea Bibi. Aliipokea kwa mikono miwili. Akaifikisha puani, akakaa nayo kidogo, kisha akanirudishia.

"Umemvisha mgeni nguo za mwenyeji," alisema.

Hakukasirika. Alinihurumia, na hilo liliniuma zaidi.

Ijumaa mchana nilikwenda kwa Mzee Waya. Mlango ulikuwa wazi lakini ndani mlikuwa mtupu. Mafundi walikuwa wanang'oa rafu, na mbao za zamani zilirundikwa nje zikingoja mtu wa kuni. Yeye mwenyewe alikaa juu ya debe lililogeuzwa, anawaangalia kama mtu anayeangalia nguo zake zikigawanywa. Nilisimama mahali pangu pa siku zote, ila kaunta haikuwepo. Nilitenganisha vidole viwili hewani. Akatikisa kichwa.

Hapo ndipo niliposema. "Mzee, Bibi haogi."

Aliinua kichwa. "Kumbe una sauti," alisema. "Siku zote nilidhani nauzia picha."

Nilimweleza yote, neno baada ya neno, huku nikitazama kucha zangu. Nyumba za watu, vidonda, wodi, Jumamosi. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliniambia amemaliza kila kipande, hata yale makombo ya pembeni alishawapa majirani. Kisha akainuka, akaenda kwenye lile rundo la kuni, akaanza kuondoa mbao moja moja, na mafundi wakamuuliza kama amepoteza meno. Alivuta ubao mmoja mfupi, mnene, mweusi kwa uzee, uliojaa alama za waya. Katikati ulikuwa umebonyea kama sahani.

"Weka pua hapa," aliniambia.

Niliinama. Sijui nieleze vipi. Nilikuwa nimenusa sabuni hiyo maisha yangu yote, lakini kipande kimoja kimoja, na kila kipande kikaisha. Hapa zilikuwepo zote kwa pamoja. Nilinusa mgongo wa Bibi akiwa na nguvu, na mashati yakipepea kwenye kamba, na nywele zangu nilipokuwa mtoto nimebanwa katikati ya magoti yake. Ulikuwa ubao tu, na mtaa wetu wote ulikuwa ndani yake.

"Kila mche ulipita hapa," alisema Mzee Waya. "Mimi nakata, na huyu naye anakula chake kimyakimya. Mnafanana."

Akanipa ubao, na juu yake akaweka ule waya, umezungushwa kwenye vishikio vyake viwili vya mti. Nikamuuliza atabaki na nini. Akasema anakwenda kukaa kwa binti yake, na kule itabidi watafute jina jingine la kumwita.

Jumamosi asubuhi Shangazi alikunja mikono ya blauzi yake kama anayejiandaa kukanda unga wa shule nzima. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilimwomba anipe muda wa birika moja tu la maji ya moto. Nikalaza ubao kwenye beseni uani, nikamimina.

Maji yalibadilika rangi yakawa kama chai. Hakuna kingine kilichotokea. Shangazi alifunga mikono kifuani.

"Sasa tunachemsha kuni," alisema.

Kisha ubao ukapumua. Vipovu vidogo vilitoka kwenye zile alama za waya, kwanza kama jasho, halafu vikashikana. Nilipitisha kiganja mara moja tu, na povu likainuka. Lilikuwa jeupe, zito, likapanda juu ya ubao, likafika ukingo wa beseni, likaendelea. Kuni iliyokuwa inangoja moto ilikuwa inatoa povu. Harufu ilijaa uani, ikaingia ndani. Shangazi alishusha mikono. Alipoongea tena alinong'ona, yeye ambaye sijawahi kumsikia akinong'ona, akaniuliza, "Imetoka wapi yote hii?"

Tulisimama tu tukiangalia.

Bibi alitoka peke yake, ameshika ukuta. Alifika kwenye beseni, akatutazama mmoja mmoja kama wanafunzi wazembe.

"Nani ameacha sabuni ipotee hivi?" aliuliza. "Nguo ziko wapi?"

Nguo hazikuwepo. Sikuwa nimefikiria nguo. Bibi alitazama huku na huku, akaguna, akavua gauni lake mwenyewe, akakaa kwenye kigoda na kulizamisha. Mikono iliyokuwa inamwaga uji kabla haujafika mdomoni ilikumbuka yote. Ilisugua kola kwa kola, ikakunja, ikageuza, ikapiga, na lile gauni likalia kwenye ubao mlio uleule niliolala nao utotoni.

"Mke mwenzangu," alisema bila kuinua kichwa, "mbona umesimama? Mwaga maji."

Nilimwaga kwenye gauni. Kisha nikamwaga kwenye mikono yake, kwenye mabega, mgongoni. Nilichota povu nikampaka polepole kwenye ile mikunjo iliyochubuka, naye aliendelea kufua, akihema, akinilaumu kwamba sijui kusuuza. Shangazi alikwenda ndani kuleta taulo. Alichelewa huko, na aliporudi uso wake ulikuwa umeoshwa pia.

Vidonda vimeanza kufunga. Lakini kila wiki ubao unatoa povu dogo kidogo kuliko la wiki iliyopita, nami naona. Kwa hiyo sasa nafanya hivi: nanunua ile ya kijani, ambayo nayo huuzwa kwa mche, nakata vipande kwa waya juu ya ubao, navilaza katika lile bonde la katikati, nafunika kwa kitambaa, naviacha hapo siku kadhaa. Ubao unapokea, na vipande navyo vinapokea. Sijui ni kipi kinachomlisha mwenzake.

Jana nilimpa Bibi kipande kimoja akinuse kabla sijakiweka kwenye maji. Alikaa nacho puani muda mrefu, macho amefumba.

"Huyu mgeni," alisema, "ameanza kuzoea."

Akainua mikono nimvue gauni.