Ndimu za Cynthia

Akina mama wenye watoto vyuoni, someni haya kabla hamjabisha mlango wa mtu.

Cynthia, kitinda mimba wangu, anasoma chuo pale Buxton na kila jioni hurudi nyumbani Tudor. Jumatatu hakurudi. Akapiga simu: "Mama, nitalala chumbani kwa Becky siku chache. Tuna mtihani." Sauti nzito, kama amelia.

Mtihani gani usiosomeka nyumbani? Dadake, Eddah, alikuwa ndani na mtoto wa wiki tatu, hajatoka arobaini, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwogesha kitoto chake, Mung'aro, asubuhi na jioni. Nikampigia Cynthia ile simu ya kuonana uso. Akakata.

Jumanne nikakutana na Becky sokoni. "Mwenzako hajambo?"

Akababaika. "Mimi niko kwetu, mama. Nimemwachia chumba."

Kumbe yuko peke yake! Usiku huo sikulala.

Jumatano nikajitanda leso, nikaenda. Mlangoni nikamkuta kijana mrefu akiweka mfuko chini. Nikauchungulia. Ndimu, tangawizi, na uji ndani ya chupa.

"Wewe nani?"

"Arnold, mama. Shikamoo. Nasoma na Cynthia."

"Marahaba. Na ndimu za nani?"

"Zake. Chakula kingine anatapika."

Ndimu, kutapika, mvulana. Mama gani hajui hesabu hiyo? Nikaugonga mlango.

"Mama, usiingie!" Cynthia akasema kwa ndani. "Nina homa ya mafua. Daktari wa chuo amesema nikae peke yangu mpaka nimalize siku nzima bila homa, tena bila kumeza dawa ya kuishusha."

"Homa hiyo ina miezi mingapi?"

Arnold akacheka. "Mama, mimi hata sijafunguliwa mlango. Naweka, nabisha, nakimbia kama mwizi."

"Nyamaza, baba mtarajiwa!"

Nikausukuma mlango, komeo likaachia. Cynthia alikuwa amevaa barakoa, anarudi nyuma mpaka ukutani. Nikaivuta barakoa nimwone uso, nikamkumbatia, nikampapasa tumbo. Lilikuwa bapa. Mwili ukichoma kama bati la saa saba mchana. Akanikoholea shingoni.

"Mama, mtoto! Usimwogeshe. Ndiyo maana nilihama."

Sikuamini. Nilijiambia, huyu ananifukuza tu, kuna jambo wananificha yeye na dadake. Jioni ile ile nikamwogesha Mung'aro, nikamfunga kwa leso ile ile aliyoikoholea Cynthia.

Ijumaa nikaanza chafya, nikasema ni vumbi. Jumamosi nikawaka homa. Jumapili alfajiri mtoto akakataa titi, mbavu zikibonyea kila akivuta pumzi. Eddah akamkimbiza hospitali bila kunitazama; huko wakamtia mpira wa hewa puani.

Leo ni Jumatano tena. Nimejifungia chumbani. Cynthia amepona, karudi, na yeye ndiye anayebisha, anaweka uji wenye ndimu, anasogea mbali kabla sijafungua. Jana nilimuuliza kupitia mlangoni, kwa nini hukuniambia siku ya kwanza?

"Ungekuja mbio, mama."

Kweli, ningekuja. Lakini nanyi watoto, semeni. Ukisema mtihani, mama atasikia mimba. Mwambie una homa, mwambie unamwogopea nani. Usiende darasani ukawakoholea wenzako, na ukiona pumzi inakuwa nzito, piga simu upelekwe hospitali. Nanyi akina mama, mtoto akisema usiingie, usiingie. Muulize kama anakunywa maji, mletee uji, kaa nje.

Mchana huu Cynthia amebisha tena, lakini hakuondoka.

"Mama, Eddah amepiga simu. Mung'aro amenyonya."

"Kiasi gani?"

"Kidogo. Ule mpira wa hewa wameutoa puani."

Akaanza kulia huko nje. Nikainuka nimkumbatie. Mkono ulifika kwenye komeo.

Nikaurudisha.