Bwawa Lililoanza Kupwa

Jumanne asubuhi Zipora alifika bwawani na kopo lake la minyoo, akatupa ndoano palepale anapovulia kambale siku zote. Alipoutoa mshipi, mnyoo ulikuwa umesinyaa. Akachota maji kwa kiganja, akaonja. Chumvi tupu. Akasema, "Sasa ng'ombe watakunywa nini?" Kisha akaweka mnyoo mwingine.

Hakuna aliyepiga yowe. Kijiji kile, njia ya Haneti, mbali kabisa na pwani, kimezoea maringo ya maji. Wenye ng'ombe walilaani wakawaswaga kisimani, na kamati ya maji ikakaa, ikaahirisha. Zipora ndiye asiyekuwa na pa kwenda. Mumewe, Jordan, alitoweka mwaka uliopita. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Adamu, alisema alimwona kwa macho yake akipanda gari la Geita na mwanamke mwembamba. Shamba lao la bondeni mwenyekiti akalichukua, eti alitunze. Tangu hapo watoto walikula kwa ndoano, na mama yao akala masimango: kaachwa huyo, kaachwa.

Aliyemfundisha bahari ni Mwajabu, Mrangi wa Kondoa aliyewahi kuolewa Tanga na sasa anauza vitunguu mnadani.

"Shikamoo mama. Samaki hawali."

"Marahaba. Watakulaje minyoo? Hao si kambale wenu. Tafuta kaa, mfunge kwa uzi. Chubwi ya kuzamishia mshipi iwe nzito, utupe mbali, nyuma ya povu. Ukimaliza, osha ndoano kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, la sivyo kutu itaila."

Kaa walikuwapo, chini ya mawe ya kufulia. Jioni watoto walikula changu kwa ugali wa uwele, wakalalamikia miiba.

Kesho yake Zipora alifunga samaki kwenye kamba, akawaacha majini wasioze, kama afanyavyo siku zote. Aliporudi, kamba ilikuwa kwenye tope kavu na mbwa anajilamba. Mwajabu alicheka hadi akajishika mbavu. "Mtu wa bwawa wewe! Maji ya chumvi hayakai, yanatoka yanarudi. Na bado hujaona bamvua. Mwezi ukiandama tu, yatatoka mpaka katikati kabisa."

Bwawa lile halikuwahi kukauka, hata miaka ya njaa. Watu wa pale, kitu wakikizamisha katikati, wanahesabu kimekwisha. Mzee Adamu alipoelezwa bamvua ni nini, aliomba aelezwe tena, halafu akatafuta pa kukaa.

Siku hiyohiyo ikatoka amri: mwezi ukiandama, mtu asisogee bwawani, kwa usalama wa wananchi. Kwa Zipora alikwenda mwenyewe, na unga kwenye mfuko. "Mwanangu, pumzika siku hiyo. Bahari ina mambo." Mwaka mzima hakuwahi kumletea hata chumvi. Zipora alipokea unga, akashukuru, na hofu ikamwingia. Hofu ile haikumtoka tena.

Mwezi uliandama. Asubuhi mgambo Marko alisimama njiani na rungu lake. "Dada, rudi. Nitaulizwa mimi."

"Basi nipige, ukiulizwa uwe na la kusema."

Marko akasogea pembeni. Kijiji kizima kikapita nyuma ya Zipora.

Maji yalitoka polepole. Yaliacha mawe, yakaacha ndoo iliyotoboka, yakaacha baiskeli. Katikati kabisa, kwenye tope, alikuwa amekaa Jordan, na shati lake la Krismasi, amefungwa kwenye jiwe la kusagia kwa mnyororo wa plau. Mnyororo wenyewe ulikuwa wa Mzee Adamu, wenye pete iliyoungwa kwa waya. Hapakuwa na nyumba ambayo haikuwahi kuuazima.

Zipora alikumbuka wale kambale wa mwaka mzima, walivyokuwa wanono, akatapika. Kisha akapiga magoti topeni. "Baba watoto," alisema, "kumbe hukuniacha." Alilia kwa uchungu, na kwa furaha pia. Ile furaha aliionea aibu.

"Poleni sana jamani," Mzee Adamu alisema huku jasho likimtoka. "Bahari imetuletea maiti ya watu."

"Na mnyororo?" Mwajabu aliuliza.

"Meli zina minyororo, mama. Wewe umekaa Tanga, hujui?"

Watu walitazamana. Bahari iliyoweza kupanda hadi Haneti ingeshindwaje kumbeba mtu? Polisi walikuja kutoka mjini, wakaandika: mgeni, amekufa maji baharini. Zipora alilitaja jina la mumewe, akalitaja tena. Wakamwambia mumewe yuko Geita, kuna shahidi.

Walimzika pembeni ya makaburi, bila jina. Mnyororo ukarudishwa kwa mwenyewe, maana msimu wa kulima ulikaribia.

Jioni ile Zipora alifunga kaa kwenye ndoano, akatupa mbali, nyuma ya povu. Ng'ambo, kwenye shamba la bondeni, Mzee Adamu alikuwa amechuchumaa na ndoo ya maji ya kisima, anauosha mnyororo wake pete kwa pete, kutu isije ikaula.