Kunusa Kwanza

Mtihani wa utaalamu wa bia ulikuwa Jumatatu, na mke wangu Prisca alikuwa hatulii. Hoteli ya mjini anakofanya kazi ya baa ilimwahidi cheo akifaulu. Basi kila kilichomiminwa nyumbani, hata chai, alikizungusha, akakitazama kwenye mwanga, akakinusa, ndipo anywe. Jumamosi nikachoka. Nikamwambia aache vitabu, twende Mgeta kwa mama. Njia nzima akawa anakariri aina za shayiri na hamira mpaka nikamfokea.

Mama alikuwa ametupikia pombe ya mahindi. Alionja yeye kwanza, kama desturi, kisha akampa mkwewe kata iliyojaa. Prisca akaipokea kwa mikono miwili, akaizungusha, akainusa. Akanusa tena.

Shangazi zangu, waliokuwa wameketi nasi, wakatazamana. Kwetu, anayenusa pombe aliyopewa anatafuta sumu.

"Mama, anasomea mtihani!" nikaropoka.

Mama akamnyang'anya kata, akainywa yote mpaka tone la mwisho huku akimkazia macho.

"Haya," akasema. "Jumatatu kawaambie walimu wako kwamba sijafa."