Makofi ya Bingwa

Jumatatu asubuhi, baada ya sala na ukaguzi wa kucha, Sista mwalimu mkuu alisimama kwenye ngazi za ofisi kuwatia watoto moyo. Ndivyo shule ilivyozoea: kila wiki, mwaka mzima, mtoto mmoja huitwa mbele, husifiwa, hupigiwa makofi, kisha wiki huanza. Wiki hiyo, kama zilizotangulia, aliitwa Bingwa wa darasa la tatu, ambaye baba yake ndiye aliyeitolea shule madawati.

"Haya, mpigieni makofi!"

Watoto wakapiga. Viganja vilikutana vizuri tu, lakini pale mbele palikuwa kimya kama kanisa siku ya kazi. Sauti ilitokea mwisho wa mstari, aliposimama msichana ambaye wenzake walimwita Mkia, kwa kuwa ndiye aliyeushika katika kila mtihani. Makofi yalimzunguka, yakampeperusha kola. Mkia akageuka kuona nani anapigiwa. Nyuma yake kulikuwa na ukuta.

"Rudieni," Sista akasema.

Wakarudia. Yakaenda kulekule.

Jumatatu iliyofuata ikawa vivyo hivyo. Paroko akaja na maji ya baraka, akamnyunyizia Bingwa, kisha Mkia, kisha, kwa kukosa uhakika, ukuta. Makofi hayakubadili njia. Mwalimu wa darasa akamvuta Mkia kando.

"Unapokea makofi ya mwenzio kwa nini?"

"Sijui, mwalimu. Yanakuja yenyewe."

"Basi yakatae."

Mkia alijaribu kuyakataa. Aliziba masikio, aliinama, hata siku moja alijificha chooni, yakamfuata huko. Tabu ni kwamba yalimfaa. Akishapata makofi ya Jumatatu alinyoosha mkono darasani, na hesabu za kugawanya zilimkubali. Ikifika Alhamisi yamekwisha, naye hunyamaza tena. Alichotaka kilikuwa kidogo: siku moja aitwe yeye, kwa jina lake la ubatizo, ndipo yaje. Hakujua kama anaomba au anaiba. Alimuuliza paroko kwenye kitubio, akaambiwa asali Salamu Maria kumi wakati paroko anafikiria. Alizisali mpaka zikaisha, paroko bado anafikiria.

Bibi yake, aliyemlea, akaitwa ofisini.

"Bibi, mjukuu wako anachukua makofi ya watu," Sista akamwambia.

"Anayaweka wapi, Sista? Maana nyumbani hajaleta hata moja."

Sista akatazama dirishani. "Hilo nalo hatujui."

"Kama yanamwendea mwenyewe, si mumwite mbele, yaishe?"

"Tumsifu kwa lipi, bibi yangu, naye ni wa mwisho? Akiwa wa kwanza tutampigia."

"Na hiyo nafasi ya kwanza ataifikiaje bila kusukumwa?"

Sista akasema hilo ni swali zuri sana, akamshukuru kwa kufika.

Mwaka ukaelekea ukingoni. Siku ya kufunga shule wangekuja wazazi na wageni, na baba yake Bingwa angeketi mbele kabisa. Haikufaa mzee wa watu aone mwanawe akipigiwa makofi bubu. Walimu wakakaa kikao, wakapata dawa: jukwaani palikuwa na pazia. Mkia angesimama nyuma ya pazia, sambamba na mgongo wa Bingwa, asikohoe. Wakakubaliana pia apandishwe darasa la nne hata akifeli, maana Bingwa anapanda, na makofi yake lazima yawe karibu.

Siku hiyo bibi aliketi safu ya nyuma, ubavuni mwa mpishi wa shule. Jina la Bingwa likasomwa, ukumbi mzima ukapiga makofi. Yakasikika pale palipotakiwa, mazito, hayana dosari. Baba yake Bingwa akatikisa kichwa kwa kuridhika. Sista akashusha pumzi.

"Mbona wangu simwoni?" bibi akauliza.

"Si huyo unayemsikia?" mpishi akasema.

Chini ya pazia vilionekana viatu viwili vyeusi, vimebanana, visigino vikinyanyuka kidogo kidogo. Bibi akavitazama. Kisha akaweka mkoba chini, akapiga makofi kwa nguvu zake zote. Mikononi mwake hayakutoa sauti yoyote. Kule mbele pazia likatikisika, na Bingwa akainama kushukuru.