Mkaguzi wa Daraja la Mto Voi

Jumamosi moja ya Machi, Abby Wakio, mwalimu wa kompyuta mjini Voi, aliegemeza baiskeli kwenye nguzo ya daraja la zamani la reli, akatia mkono katika ufa wa mawe, akatoa mkebe wa plastiki. Alikuwa ameelekezwa na simu, kama mchezo huo unavyotaka. Mtu huficha mkebe mahali penye historia, wengine huusaka, na anayeupata huandika jina na tarehe kwenye daftari lililomo. Akitoa kitu, huacha kingine.

Mgeni aliyeuficha alikuwa ameondoka miezi saba nyuma. Tangu hapo watu tisa walikuwa wameupata mara moja moja. Wa kumi alikuwa ameupata kila siku.

"Wabwire. Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. Daraja salama. Aliyenipokea: hakuna."

Ukurasa baada ya ukurasa, kwa penseli ile ile, hata Krismasi. Abby alidhani ni mtu asiyeuelewa mchezo, na hapo hakukosea.

Wabwire aliyewahi kukagua reli ile alikuwa mmoja tu, na alichukuliwa na maji mwaka wa mafuriko ya El Niño. Ndivyo binti yake Phanice alivyosema siku zote. Kampuni ya kandarasi iliyomwajiri ilileta barua: ametoroka kazini. Majirani wakamalizia wenyewe kwamba ana mke mwingine Taveta. Mama yake Phanice alizikwa akiitwa mke wa mtoro. Phanice, ambaye sasa alikuwa na miaka hamsini na minne na akiuza omena sokoni, alitaka kitu kimoja tu kabla hajafa: neno hilo lifutwe.

Abby aliulizia jina hilo mjini, akaelekezwa sokoni; alipomwonyesha daftari, Phanice aliutambua mwandiko mara moja.

"Baba alikuwa akiifuata reli kwa miguu kutoka Voi," alisema, "na mkaguzi mwenzake, Mulinge, akitokea upande wa Taveta. Wakikutana darajani, kila mmoja anatia sahihi kitabu cha mwenzake. Hutoki hapo mpaka upokewe."

"Na Mulinge alikuwa wapi, mama?"

"Walimwachisha kazi wiki ile ile. Baba hakuambiwa."

Mtu aliyesubiri miaka ishirini na minane, akiona daftari darajani, ataandika tu.

Jumatatu Phanice alilipeleka daftari kwenye kampuni. Zephaniah, mtunza faili, aliilinganisha miandiko bila haraka.

"Ni yeye, mama. Na hajakosa hata siku moja."

"Basi andika hakutoroka."

"Rekodi hubadilishwa mwenyewe akija, na kitambulisho, saa za kazi."

"Saa za kazi yuko kazini."

Zephaniah alikubali kwamba hilo ni tatizo. Alimwagizia Phanice chai, akairudisha faili kabatini.

Kesho yake asubuhi Phanice alikwenda kuurudisha mkebe. Njia ya reli ilikuwa imeota nyasi, na juu ya nyasi palikuwa na alama za viatu vilivyolowa maji. Aliliacha daftari juu ya jiwe, akageuka kuutazama mto kwa muda. Alipogeuka tena, maneno ya siku hiyo yalikuwa yameshaandikwa. Alikata neno "hakuna" kwa mstari mmoja, akaandika: "Phanice, bintiye." Kisha akachukua kile kipande cha penseli kilichobaki na kuacha penseli mpya, kwa kuwa mchezo una sheria zake.

Jioni alikuwa akichambua kunde mlangoni Wabwire alipofika, nyundo begani, viatu vikichuruzika maji ingawa mvua haikuwa imenyesha Voi tangu Januari. Alikuwa bado na miaka arobaini na tisa.

"Nimechelewa," alisema.

"Pole na kazi, baba."

Alikula ugali na omena, akaomba aongezwe. Aliuliza habari za mkewe. Phanice alimweleza, naye akaiacha chai yake ipoe. Majirani walipita kumsalimia, na mmoja wao hakuweza kujizuia kumuuliza kuhusu Taveta.

"Sijawahi kufika," alijibu Wabwire.

Phanice alimshukuru Mungu, akamshukuru Abby, akamshukuru na yule mgeni asiyemjua. Alilia kidogo huku akiosha sahani, kwa furaha, na hakujificha.

Kwenye faili ya kampuni imeandikwa hadi leo: ametoroka kazini. Kesho yake saa kumi na moja alfajiri Wabwire aliamka, akavaa viatu ambavyo havikuwa vimekauka, akauliza nyundo yake iliwekwa wapi, akaenda kazini.